Nilipigwa Handeni, nikafundwa Korogwe!

Nyumbani hakukaliki. Dada yangu hanisemeshi, wiki ya pili sasa. Salamu anaitikia kwa pua. Chai ananipa, lakini sukari hatii. Tunaishi ua mmoja hapa Manundu, Korogwe, kwa hiyo huwezi kusema nitamkwepa. Nikifungua mlango namwona, nikifunga namsikia akigonganisha masufuria.

Chanzo cha yote ni mwanawe, mpwa wangu wa miaka 19, kijana wa bodaboda. Siku hiyo usiku alikuja kibarazani kwangu, akavua kofia, akakaa chini kwa adabu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Anko," akasema, "nimepata pambano Handeni, mwisho wa mwezi ujao. Nataka wewe ndiye usimame kwenye kona yangu."

Nikamwuliza kama mama yake anajua. Akainamisha kichwa akawa anaangalia kandambili zake. Kabla hajajibu, mlango wa pili ukafunguka, dada akatoka na mwiko mkononi. Kumbe alikuwa anasikia yote.

"Kaka," akaniambia, wala hakumtazama mwanawe, "huyu akipigwa, umepigwa wewe. Akiumia kichwa, siendi polisi wala siendi kwa huyo mwandaaji. Nakuja kwako."

Akarudi ndani. Tangu siku hiyo ndio kimya, na chai ya mkandaa.

Siwalaumu vijana wa siku hizi. Tanga yetu hii imetoa Hassan Mwakinyo. Septemba 8, 2018 aliitwa Birmingham, Uingereza, akapigane na Sam Eggington nyumbani kwake, na wengi walidhani kaenda kuchukua nauli tu. Raundi ya 2 ikamtosha. Eggington akasimamishwa mbele ya watu wake! Kuanzia hapo kila kijana mwenye viganja viwili mkoa mzima anajiona bingwa. Ukimwambia subiri, anakuona una wivu.

Lakini mimi nina sababu ya kusita, tena sababu yenyewe inaanzia Handeni huko huko. Naomba unipe dakika zako nikusimulie.

NILIVYOJITIA KIDUME

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 20, mpiga debe pale stendi ya Korogwe. Kazi yangu ilikuwa kuita abiria wa Arusha, Tanga, Lushoto na Dar, kupakia mizigo kwenye keria na kugombana. Gunia la mahindi la kilo 100 nilikuwa nalitupa begani kama mto wa kulalia. Mikono ilijaa, kifua kilijaa, na kichwa nacho kilijaa, ila kilijaa upepo.

Miaka hiyo jina mjini lilikuwa Rashid Matumla, yule waliyemwita Snake Man. Tulikuwa tunamsikia redioni, tunamsoma magazetini, halafu tunakwenda nyuma ya stendi kurushiana makonde bila glovu. Mimi nilikuwa mbabe wa kijiwe. Nikimpata mtu na ile ya kulia ya kuzungusha, analala chini anauliza nauli ya Moshi bei gani.

Basi, sikukuu ya Idi el-Fitri ya mwaka huo wakaandaa ngumi Handeni, Idi pili. Wakahitaji kijana kutoka Korogwe. Washikaji wakanisukuma mbele. Mshiko ulikuwa shilingi 5,000 na sare ya heshima. Nikaona zali hilo!

Siku hizi Korogwe na Handeni unateleza kwenye lami, kilomita 65 hivi, unafika shati lako bado lina pasi. Enzi hizo ilikuwa vumbi tupu. Tulipanda nyuma ya lori, tukapita Sindeni, tukapita Misima, tukafika tumekuwa wekundu kama matofali. Hata nyusi hazikuonekana. Nikanawa, nikala wali wa sikukuu sahani mbili, eti natafuta nguvu. Msomaji wangu, usije ukafanya kosa hilo. Ngumi na wali wa moto haviendi pamoja.

Mpinzani wangu alikuwa fundi seremala wa pale pale, mwembamba, mrefu, mashoto. Nilipomwona nikacheka. Nikawaambia washikaji, huyu nikimpulizia tu anaanguka.

Kengele ikalia. Nikarusha ya kwanza, ikapita hewani. Nikarusha ya pili, hewani. Kila nikirusha yeye hayupo, amesogea hatua moja ndogo, basi. Halafu kitu kidogo kikanidonoa puani. Pa! Hakikuuma sana, kilinishangaza tu. Nikajipanga upya, pa! Nikakasirika, nikamfuata mbio, nikikatiza miguu kama mtu anayekimbiza kuku. Mama mmoja muuza karanga aliyekaa mbele akaniuliza kwa sauti, "Wewe wa Korogwe, umekuja kupigana au kufukuza inzi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mpaka leo nakumbuka nilivyoingia mwenyewe kwenye mtego. Yule bwana mkono wake mzito ulikuwa wa kushoto, na mimi kila nikizunguka nilikuwa naenda kulia kwangu, yaani naufuata mkono wake mzito kwa miguu yangu. Raundi ya 2 akaangalia tumboni kwangu, akateremsha bega. Nikashusha mikono yote miwili kulinda tumbo langu na wali wangu. Ngumi ikaja kichwani.

Mchana nilikuwa nimehesabu taa za ukumbi zikawa mbili. Nilipofungua macho nikiwa chali zilikuwa sita. Mwamuzi alikuwa anahesabu, lakini sauti yake ilikuwa inatoka mbali kama mtu anayeita abiria stendi ya mji mwingine.

Tulirudi usiku ule ule juu ya magunia ya mkaa. Hakuna aliyenisemesha. Asubuhi stendi nzima ilikuwa imeshapata habari, mpaka makondakta wa Arusha. Wakaanza kuniita "Fukuza Inzi". Jina hilo nilitembea nalo miezi kumi.

BABU WA KAHAWA

Pale stendi kulikuwa na mzee muuza kahawa. Sisi tulimwita Babu tu. Muuza kahawa unamjua kwa vikombe vyake. Anavigonganisha kwa vidole, kri kri kri, ndio tangazo lake. Vya Babu viligongana hata akiwa hauzi. Amekaa, ametulia, anaangalia magari, vikombe vinalia vyenyewe. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Na maneno yake yalitoka polepole na kwa uzito, mpaka wasiomjua walidhani amelewa, wakati mzee wa watu hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha.

Siku ya tatu baada ya kipigo nikaenda kunywa kahawa yake.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Uso umevimba upande wa kulia. Alikuwa mashoto?"

Nikashtuka. Nikamwambia ndiyo.

"Na wewe ukawa unaenda kulia."

Nikakaa chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mzee alikuwa mkata mkonge kwenye mashamba ya huku, na miaka ya ujana wake alikuwa anapigana kila mwisho wa mwezi, siku ya mshahara, wafanyakazi wa shamba hili dhidi ya shamba lile. Nikamwomba anifundishe ngumi ya kumlaza yule seremala.

"Kupiga unajua," akasema. "Hata punda anajua kupiga. Nitakufundisha kutokupigwa. Ukitaka, njoo kesho alfajiri. Usile."

MIGUU KWANZA

Nilikwenda na glovu za kuazima. Babu akaniambia nizitundike mtini. Wiki tatu nzima sikurusha hata ngumi moja! Akachukua kamba ya katani, si unajua kwetu katani haikosekani, akailaza chini imenyooka hatua kama kumi. Akaniambia nisimame, mguu wa kushoto mbele upande huu wa kamba, wa kulia nyuma upande ule, upana wa mabega. Magoti yalegee kidogo. Kisigino cha nyuma kiinuke. Uzito nusu huku, nusu kule.

Sheria ilikuwa moja tu: mguu usivuke kamba.

"Mguu ulio karibu na unakokwenda ndio unaoanza," alisema. Ukienda mbele, wa mbele unatangulia, wa nyuma unasukuma kisha unafuata. Ukirudi nyuma, wa nyuma unatangulia. Kushoto, wa kushoto. Kulia, wa kulia. Na hatua ziwe ndogo, nusu ya unyayo. Baada ya kila hatua miguu iwe na upana ule ule iliyoanza nao. Ukiikutanisha, umekuwa mti wa bendera, yeyote anakusukuma. Ukiikatiza, umejifunga mwenyewe, hana haja ya kukupiga, akugusie tu utaanguka.

Nilifikiri ni mchezo wa watoto. Siku ya kwanza mapaja yaliwaka moto, mimi niliyekuwa nabeba kilo 100! Siku ya nne nikajua kwa nini kule Handeni nilikuwa narusha ngumi hewani. Mikono yangu ilikuwa inafika, miguu yangu haikuwa imefika. Nilikuwa nampiga mtu aliye mbali kwa kumwinamia, na ukimwinamia mtu kichwa ndicho kinachotangulia.

Halafu akanipa la kuzunguka. Kabla ya yote, jiulize mkono mzito wa mwenzio uko upande gani, kisha sogea upande mwingine. Na kama ni mashoto, mguu wako wa mbele uwe nje ya mguu wake wa mbele. Ukifanya hivyo, mkono wako wa kulia una njia iliyonyooka kwenda kwake, na wa kwake wa kushoto lazima uzunguke kukufuata. Maneno machache hayo, yangeniokoa taa nne.

KUDONOA

Wiki ya nne nikaruhusiwa mkono wa kushoto tu. Babu aliita kudonoa. Vijana wa mazoezi ya siku hizi wanaita jebu.

Akafunga kamba nyingine ya katani kati ya miembe miwili, usawa wa kidevu changu, akatundika leso. Kazi: igonge leso, rudisha mkono kidevuni kabla leso haijarudi mahali pake. Ngumi inatoka kidevuni moja kwa moja, kiwiko hakipanuki pembeni kama bawa la bata. Mwishoni kabisa, kabla tu ya kugusa, kiganja kinageuka kutazama chini, bega linapanda kufunika kidevu. Pumzi inatoka kwa pua, fss. Halafu mkono unarudi kwa njia ile ile uliyoendea, tena upesi kuliko ulivyokwenda. "Wengi hupigwa wakati wa kurudi," alisema. "Wanaenda kwa basi, wanarudi kwa miguu."

Na kidevu? Hapo ndipo aliponichekesha. Alichukua chungwa, akaniwekea kati ya kidevu na kifua. Nidonoe, nisogee, nizunguke, chungwa lisianguke. Likianguka, naanza upya. Nakuambia nilikula vumbi. Siku moja lilianguka mara 31, na kila likianguka wapiga debe wenzangu waliokuja kutazama walihesabu kwa sauti.

Nilimwuliza, hii ngumi ndogo itamwangusha nani? Akasema haikuumbwa kuangusha. Inapima umbali, kama fundi anavyopima ubao kabla ya msumeno. Inamfumba macho mwenzio. Inamkatiza anapojiandaa. Inakusanya pointi. Na ikimgusa mara ishirini, ya ishirini na moja anaisubiri kwa hofu, na mtu mwenye hofu anafanya haraka. Nikakumbuka pua yangu. Yule seremala hakunipiga ngumi moja ya bahati. Alikuwa ananipima tangu mwanzo.

KUZUGA

Somo la tatu nililielewa siku hiyo hiyo, kwa sababu kumbe nilikuwa naliishi.

Babu aliniita stendi mchana. Akaniambia nitazame basi la Tanga. Abiria wako nje, wanakunywa soda, hawana haraka. Dereva akawasha injini, vuum, akalisogeza basi hatua tatu. Kondakta akapiga bodi, "Twende, twende, twendeee!" Abiria wakaacha soda wakakimbilia mlangoni kwa kusukumana. Basi likasimama. Likakaa nusu saa nyingine.

"Unaona?" akaniuliza.

"Hiyo ni zuga ya kila siku, Babu."

"Hiyo ndiyo ngumi ya tatu."

Akanifafanulia. Abiria wanakimbia kwa sababu jana yake basi liliondoka kweli. Kama lingekuwa linazuga tu kila siku, wasingebanduka. Kwa hiyo lazima kwanza umpige mtu ngumi za kweli, azijue zinavyouma, ndipo ya uongo impe kazi. Na zuga haitoki mkononi peke yake. Basi liliunguruma, likasogea, kondakta akapiga bodi. Na wewe vivyo hivyo: jicho liangalie tumboni, bega lichezeke, mguu ukanyage kidogo kama unayeingia, mkono utoke nusu.

Tena usimalizie papo hapo. Mara ya kwanza zuga, halafu tazama anafanya nini. Anainua mikono? Anarudi nyuma? Anarusha yake? Kila mtu ana jibu lake, na hulirudia. Ukishalijua, mara ya pili zuga tena, ila safari hii ngumi ya kweli iwe inamsubiri kule atakakokwenda. Na usizuge ukiwa umeegemea mguu mmoja, utakuwa umejizuga mwenyewe.

Baadaye sana niliiangalia picha ya pambano la Kinshasa la Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Kabla ya siku yenyewe Ali aliwaaminisha watu kwamba atacheza, atazunguka ulingo mzima, Foreman atamkimbiza mpaka achoke. Kengele ikalia, akamshambulia kwa mkono wa kulia. Kisha akaenda kuegemea kamba na kumwachia Foreman arushe mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya 8 akamlaza. Nikasema, haya, kumbe kuna basi lililozuga kabla hata halijafika stendi!

SIKU YA BOXING DAY

Desemba 26, 1996. Siku hiyo watu wengi kwetu wanaamini iliwekwa kwa ajili ya ndondi, na mimi sikuwa na nia ya kuwasahihisha. Ukumbi ule ule wa Handeni, seremala yule yule, raundi 4. Mama wa karanga alikuwepo, kiti kile kile. Aliponiona akaanza kupunga leso kama anafukuza inzi. Mimi kimya. Sikula wali.

Raundi ya 1 nilizunguka kushoto. Mguu wangu nje ya mguu wake. Kila akijiandaa kuachia ule mkono wake, mimi sipo mbele yake. Nikadonoa, nikaondoka. Nikadonoa mbili, nikaondoka. Hakuna aliyeshangilia, ila hakuna aliyecheka.

Raundi ya 2 nikaanza kumzuga. Nikautoa mkono wa kushoto nusu, nikamwona anainua wake wa kulia kuuzuia. Nikanyamaza. Nikarudia, akarudia. Nikajua jibu lake. Raundi ya 3 nikazuga tena, mkono wake ukapanda, mlango ukabaki wazi, na wa kulia wangu ukapita umenyooka, si ule wa kuzungusha kama gunia. Akakaa chini. Akaamka kwenye nane, alikuwa mwanamume kweli kweli, akanipa shida mpaka kengele ya mwisho. Nilishinda kwa pointi. Mwamuzi alipouinua mkono wangu, mama wa karanga akanirushia pakiti nzima ulingoni. Seremala akanikumbatia, akaniuliza, "Nani kakufundisha?"

Nikageuka kumwonyesha Babu.

Babu alikuwa amesimama kwenye kona yangu na ndoo ya maji na ule mpira wa kukinga meno mkononi. Akaniambia, "Haya, njoo ukae, upumue. Raundi inayofuata usisahau miguu."

Nikacheka, nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Babu, tumeshinda, imekwisha." Akaitikia kwa kichwa. Halafu akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akajaribu kunirudishia ule mpira mdomoni. "Upumue," akasema tena. "Bado raundi."

Sikucheka tena.

Tuliporudi, tulipofika karibu na Sindeni, upepo wa usiku ukimpiga, akili yake ilikuwa imetulia. Akaanza kuongea bila kuulizwa. "Mimi nilikuwa napigana kama wewe wa Idi. Watu walinipenda sana. Nilikuwa napigwa kumi ili nipige moja, na hiyo moja ilikuwa inalaza. Walikuwa wananibeba mabegani. Haya ya kamba na chungwa niliyajua nimeshachelewa." Akanyamaza kitambo. "Usikubali wakubebe sana mabegani."

KICHWA HAKINA SPEA

Ugonjwa wa Babu nilikuja kuusoma ukubwani. Tangu mwaka 1928 daktari mmoja Mmarekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia wanaopepesuka na kuongea kama walevi kwa sababu ya makonde ya kichwa ya miaka mingi. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Ganda linaweza kuwa zima na ndani kumetikisika. Ndiyo maana hata ile kofia ya kukinga kichwa inazuia uso kuchanika, lakini mtikisiko hauzuii. Na si lazima uanguke. Zile ndogo ndogo za mazoezini, za kila jioni, nazo zinajumlishwa.

Ali mwenyewe, mkwepaji wa wakwepaji, mwaka 1984 madaktari walimkuta na maradhi ya Parkinson, akaishi na kutetemeka mpaka alipofariki Juni 2016. Miaka yake ya mwisho ulingoni miguu ilikuwa imeshapungua, akawa anapokea makonde ambayo zamani yangepita hewani.

Sisemi ndondi ni haramu. Nchi hii ngumi zimeiletea heshima: Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akaleta ya dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Nilishangilia na nitashangilia tena. Ila mimi nilipigana mara saba tu baada ya ile Boxing Day. Mwaka 1999, baada ya mazoezi, kichwa kiliniuma siku mbili na nikasahau njia ya kwenda kwa shemeji yangu, nyumba niliyokuwa naenda kila Ijumaa. Nikatundika glovu, nikafungua genge la spea za pikipiki. Dukani kwangu nauza kila kitu, taa, breki, cheni. Kichwa sina.

Babu alifariki mwaka 2003. Miaka ya mwisho alishasahau jina langu. Nikimsalimia alikuwa ananitazama miguu kwanza, halafu ndiyo anaitikia.

SASA HUYU MPWA

Nimemwambia mpwa wangu sijakubali na sijakataa. Nimempa masharti. Kwanza hospitali, apimwe, daktari akiona kasoro hakuna mjadala. Pili, mazoezini hapigani na mtu aliyemzidi uzito eti kuonyesha ubabe. Tatu, akipigwa kichwani akaona kizunguzungu, anakaa wiki kadhaa bila kuguswa, hata kama pambano ni kesho. Nne, mimi ndiye mwenye taulo, na nikilitupa ulingoni asinune.

Na la tano, kabla ya yote hayo, kamba. Nimeilaza uani, ya katani, na nyingine nimeifunga kutoka mwembe hadi nguzo ya bafu. Kila alfajiri, kabla hajawasha pikipiki, anakanyaga. Mkono anao, sikatai, mkono wake ni mzuri kuliko wangu wa wakati ule. Miguu bado inavuka kamba. Nimemwambia asipoweza raundi tatu bila kuvuka na bila chungwa kuanguka, Handeni atakwenda kama abiria.

Msomaji wangu, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Ukimkataza, atakwenda kwa mwalimu mwingine atakayemfundisha kupiga tu. Ukimruhusu, umebeba kichwa cha mtoto wa mwenzio.

Jumapili iliyopita tulikuwa uani, jua halijachomoza vizuri. Chungwa likaanguka mara ya sita, likabingirika mpaka mlangoni kwa dada. Mlango ukafunguka. Tukasimama wote wawili kama wezi. Dada akaliokota, akalifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaja polepole mpaka kwenye kamba. Akamwinua mwanawe uso, akamwekea chungwa chini ya kidevu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kama chungwa huwezi kulishika," akamwambia, "kichwa utakishikaje?"

Akageuka akarudi jikoni. Mimi hakunitazama. Baada ya muda akaniletea chai. Nikaionja.

Bado haina sukari.